Siku Tatu za Kutogusa

Mtaani walimwita Pirika, na jina hilo hakulipata kwa bahati nasibu. Tangu utotoni miguu yake haikujua kukaa. Ukimtuma chumvi, alirudi na chumvi, na habari za nyumba mbili, na kopo tupu aliloliona njiani akadhani litafaa. Shuleni mwalimu alimketisha karibu na mlango, si kwa adhabu, bali kwa kuwa alijua kabla ya kengele kulia atakuwa ameomba ruhusa mara tatu. Alipoolewa na fundi seremala, mama mkwe alimkuta asubuhi ya kwanza akipanga upya vyombo vya jiko lisilo lake. Akamgeukia mwanawe na kusema, "Mwanangu, umetuolea pangaboi. Haya, angalau joto hatutalisikia."

Sasa alikuwa na miaka hamsini na miwili, na kazi yake ilikuwa kutotolesha vifaranga. Watu walimletea mayai, yeye akayatia mashineni, na baada ya siku ishirini na moja walikuja na maboksi yao kuchukua vifaranga. Kazi hiyo ilianza miaka kumi na mmoja nyuma, ilipofungwa kantini ya shule alimokuwa akipika chai. Alikaa nyumbani bila kazi mwezi mmoja tu. Katika mwezi huo aliupaka rangi mlango wa mbele mara tatu, na siku moja alihamisha kitanda cha mama mkwe kwenda chumba kingine huku mwenyewe yuko bafuni. Fundi, kwa kujihami, akaokota friji mbovu iliyotupwa nyuma ya duka la vinywaji. Akaitia balbu nne, feni ndogo na trei za mbao, kisha akamwambia mkewe, "Haya. Na hii inataka mtu wa kuihangaikia."

Friji hiyo ilikuwa kichekesho. Ilitengenezwa ipoze, sasa ilipasha joto. Fundi alisema ni friji iliyoasi dini yake. Mlango wake ulikuwa bado na kufuli la enzi za dukani, na ufunguo wake mdogo Pirika aliuvaa shingoni kwa uzi mweusi. Mlangoni Fundi alikata kidirisha cha kioo, na pembeni akaning'iniza kipimajoto cha betri ambacho waya wake uliingia ndani. Namba ilipaswa kusoma thelathini na saba na nusu. Ikishuka, Pirika aliihisi hata akiwa sokoni, ndivyo alivyodai.

Kila yai alilichora kwa penseli, mstari upande mmoja na duara upande wa pili, ili ajue lipi limegeuzwa na lipi bado. Yai linaloatamiwa lazima ligeuzwe. Kuku mwenyewe huligeuza kwa mdomo, la sivyo kifaranga hugandamana na ganda. Basi mara tano kwa siku Pirika aligeuza mayai, kwa siku kumi na nane, na katika siku hizo kumi na nane hapakuwa na mwanamke mwenye raha kama yeye. Kazi ilikuwa imempata mtu wake.

Taabu ilikuwa siku tatu za mwisho. Kuanzia siku ya kumi na nane mayai hayaguswi. Kifaranga ameshajipanga ndani, anatafuta pa kutoboa, na anachohitaji ni joto, unyevu na kuachwa. Mlango hufungwa, haufunguliwi mpaka watoke na wakauke. Katika siku hizo tatu Pirika alifua mapazia yote ya nyumba. Alisugua masufuria mpaka yakapungua uzito. Majirani walijua hesabu ya mashine kwa kutazama kamba ya nguo: wakiona mapazia yananing'inia, walisema, "Naam, mayai yameachwa."

Siku redio ilipotangaza kimbunga, mashine ilikuwa katika siku ya kumi na sita.

Ilikuwa saa moja asubuhi. Mama mkwe alikuwa kwenye kiti chake cha kamba karibu na dirisha, redio mapajani kama paka. Mtangazaji alisema kimbunga kitafika baada ya siku mbili. Akasema umeme utakatwa kabla hakijafika, kwa usalama, na kwamba wananchi wajiandae kukaa gizani kwa wiki moja, pengine zaidi. Pirika alikuwa amesimama na mayai mawili mkononi. Aliyarudisha kwenye trei polepole, kisha akahesabu kwa vidole. Kumi na sita, kumi na saba, kumi na nane.

"Hesabu haibadiliki kwa kurudiwa," mama mkwe alisema bila kugeuka.

"Sihesabu, mama."

"Basi hivyo vidole vinacheza ngoma gani?"

Yale hayakuwa mayai ya mtu yeyote tu. Yalikuwa ya Mama Pacha, jirani wa ng'ambo ya njia, na yalikuwa ndiyo kuku wake wote waliobaki duniani. Mama Pacha alikuwa na kuku wa shingo tupu, wekundu, wakubwa wa miguu, aliorithi kwa mama yake, ambaye naye aliwarithi kwa mama yake. Alileta mayai sitini na manane ya wiki nzima, akayaacha. Siku nne baadaye mbwa koko walivunja mlango wa banda. Asubuhi Mama Pacha alikuta manyoya tu na jogoo aliyekuwa akipumua kwa shida, naye akafa kabla ya saa sita. Siku ya kumi Pirika alipoyamulika mayai kwa tochi, saba yalikuwa meupe, hayana kitu.   Sitini na moja yalikuwa na mishipa myekundu na kitu kilichorukaruka ndani. Tangu siku hiyo Mama Pacha alikuja kila jioni, akasimama mbele ya kioo cha mashine, kisha akaaga.

Na kulikuwa na jambo jingine, ambalo Pirika hakulitaja kwa mtu.

Miaka minne nyuma kilipita kimbunga. Umeme ulikatika siku tisa, na mayai yote yaliyokuwa mashineni yalikufa, ya wanawake sita wa mtaa huo, Mama Pacha akiwa mmoja wao. Mtaa mzima uliwalaani watu wa umeme, na Pirika akalaani nao, tena kwa sauti kuliko wote. Lakini alipoyavunja mayai yale nyuma ya nyumba, kabla hayajafukiwa, aliona. Vifaranga wengi walikuwa wameshatoboa. Wametoboa tundu dogo, mdomo uko tunduni, na ngozi ya ndani ya yai imewakaukia mwilini kama karatasi iliyolowa ikaanikwa. Baridi haiui hivyo. Hivyo huua upepo mkavu wa mlango unaofunguliwafunguliwa. Na mlango ule ulifunguliwa na mtu mmoja tu, kila nusu saa, kwa siku mbili, akiwa na tochi mkononi, akisema moyoni, nichungulie mara moja tu.

Kwa hiyo siku ile ya redio hakukaa hata kwa chai.

Alianza na maji. Alijaza pipa, madumu, ndoo, mabeseni, masufuria yote, na mwisho birika. Mama mkwe alipotaka chai akaambiwa birika lina akiba. Aliweka viberiti katika chupa yenye kifuniko. Alitia simu zote mbili chaji, akazichomoa, akazitia tena, kama kwamba simu iliyojaa huweza kujaa zaidi. Alinunua betri za kipimajoto, akarudi nyumbani, akaondoka tena kununua nyingine, kwa kuwa zile za kwanza huenda zikawa mbovu. Halafu akapita nyumba kwa nyumba kuazima chupa za chai. Jioni meza ilikuwa na chupa tisa, za rangi zote, moja ina picha ya tausi, nyingine haina kifuniko, imezibwa kwa gunzi la hindi.

"Msiba wa nani?" Fundi aliuliza aliporudi. Alikuwa amepigilia mbao madirisha ya nusu ya mtaa na vidole vyake vilikuwa vimevimba.

"Za maji ya moto. Umeme ukikatika, tutachemsha maji kwa mkaa, tutayaweka mashineni."

"Si Miwani amesema atatuletea jenereta?"

"Amesema. Kusema si kuleta."

Miwani alikuwa mchomeleaji wa kona, aliyevaa miwani yake myeusi ya kazi juu ya paji la uso hata harusini. Jenereta lake lilikuwa dogo, lenye kelele kubwa, na alikuwa ameahidi kwa mdomo mpana. Lakini asubuhi iliyofuata, siku ya kumi na saba, alifika mikono mitupu, miwani ameivua, jambo ambalo peke yake lilikuwa habari mbaya.

"Shangazi, nisamehe," alisema. "Muuguzi wa zahanati alikuja jana. Friji yao ya dawa haina mbadala. Kuna chanjo za watoto, na dawa za sukari za wazee. Ningemwambiaje?"

Pirika alifungua mdomo amtukane, akaufunga. Alizunguka meza mara moja. "Ungemwambia ndiyo," alisema. "Na ndivyo ulivyomwambia. Haya, nenda, kimbunga hakisubiri."

Miwani hakwenda. Alikuwa anaitazama mashine chini, pale ambapo zamani ilikuwa droo ya mboga. Kulikuwa na kijilango kidogo cha bawaba, cha upana wa tofali. Fundi alikikata baada ya kimbunga kile cha kwanza, bila kusema kwa nini, na Pirika hakuuliza.

"Hapo huwa mnapitisha nini?"

"Hapajapita kitu bado. Nafikiria chupa."

"Chupa za plastiki zitanywea kwa maji ya moto. Nipe saa mbili." Baada ya saa tatu alirudi na makopo mawili bapa ya bati nene, yenye vizibo vya kukaza, yaliyopimwa yaingie katika kijilango kile kama mkate kwenye tanuri. Pirika aliyajaza maji, akayapindua, akayatikisa, akayapindua tena. Hayakuvuja. Miwani alivaa miwani yake akaenda zake.

Mkaa ulikuwa magunia mawili. Pirika aliuweka jikoni. Baada ya chakula cha mchana aliona jikoni bati la paa lina mlio asioupenda, akahamishia gunia moja ukumbini. Ukumbini lilizuia njia, akalipeleka kwenye chumba cha mashine. Fundi akasema moto na mkaa wake vikae mbali na chumba kilichofungwa, maana moshi wa mkaa huua bila kubisha hodi. Maji yatachemshiwa barazani tu, na hilo halina mjadala. Basi gunia likaishia chini ya kitanda cha mama mkwe, ndani ya mfuko wa plastiki.

"Sasa nalalia mkaa," mama mkwe alilalamika. "Nikifa mnichome hapahapa, kazi imerahisishwa."

Alasiri Fundi alizima swichi ya mashine. "Tufanye jaribio," alisema. "Tujue namba inashuka vipi, kabla hatujalazimishwa kujua." Waliifunga friji kwa mablanketi mawili na godoro jembamba, wakaacha matundu ya hewa wazi, kwa kuwa yai nalo hupumua. Waliingiza makopo ya maji ya moto kwa kijilango cha chini. Kisha Fundi alikwenda kumalizia dirisha la jirani, akamwachia Pirika saa na kalamu.

Saa tisa na nusu: thelathini na saba na nusu. Saa kumi: thelathini na saba. Saa kumi na nusu: thelathini na saba vilevile. Pirika aliandika. Alikwenda barazani, akarudi. Akafagia. Akarudi. Kioo kilikuwa kimepata ukungu wa unyevu, huoni ndani hata yai moja. Namba ilisema salama, lakini namba si mayai. Je, kama waya umeegemea kopo, ukawa unapima kopo? Je, trei ya juu? Mkono ulishika ufunguo shingoni kabla yeye mwenyewe hajaamua. Alifunua blanketi, akafungua, akachungulia. Mayai yalikuwa yametulia kama mayai. Aligusa moja, lilikuwa la moto. Akagusa la trei ya juu. Akagusa la pembeni. Akafunga.

Namba ilisoma thelathini na moja.

Alisimama akiitazama, kisha akakimbilia jiko la barazani. Ilichukua karibu saa nzima, na maji mapya ya moto, kurudi thelathini na sita. Fundi aliporudi alichukua karatasi, akasoma namba kutoka juu hadi chini. Hakupandisha sauti.

"Hapa umefungua."

"Mara moja tu. Nilidhani waya..."

"Mke wangu," Fundi alisema, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, "kijilango kile cha chini, unadhani nilikikata kwa ajili ya nini? Mimi ndiye niliyechimba shimo mwaka ule. Niliyaona."

 Miaka minne Pirika alikuwa amekaa na siri ambayo haikuwa siri, kama mtu aliyejificha nyuma ya pazia miguu ikaonekana.

Kutoka ukumbini sauti ya mama mkwe ilifika, kavu kama kawaida. "Kuku havunji yai lake. Lakini wewe, mkwe wangu, ungekuwa kuku, usingeatamia hata lako moja. Ungesimama kila dakika kuangalia kama bado lipo."

Fundi alikunja uso, tayari kumkemea mama yake. Lakini Pirika alikuwa ameshatoka mlangoni.

Nje upepo ulikuwa umeanza kusukuma vumbi upande mmoja. Watu walikuwa wakibeba magodoro, wakifunga mabati kwa waya, wakiitana. Mama Pacha alikuwa nyuma ya nyumba yake, juu ya ngazi, anakaza waya kwenye paa la banda la kuku. Mlango wa banda ulikuwa mpya. Ndani hamkuwa na hata unyoya.

"Banda tupu unalifungia nini?" Pirika aliuliza kutoka chini, kwa kukosa la kuanzia.

"Wenyewe wako kwako," Mama Pacha alijibu. "Nipe koleo hiyo."

Pirika alimpa koleo. Halafu akauvua uzi mweusi shingoni, akauinua. "Naomba unishikie na huu."

"Ufunguo wa mashine? Mimi niufanyie nini?"

"Ukae nao. Kuanzia kesho. Hata nikija kulia hapa mlangoni, usinipe mpaka nikuite."

"Ala! Mashine yako, mikono yako..."

"Ndiyo hiyo mikono." Pirika alishika ngazi kwa nguvu, ingawa haikuwa inatikisika. "Mama Pacha, mwaka ule wa kimbunga, si umeme ulioyaua mayai. Umeme uliyapoza tu. Mimi ndiye niliyeyaua. Nilifungua mlango kila nusu saa kuchungulia. Vifaranga walikuwa wanatoka, nikawakausha. Niliona kwa macho yangu, nikanyamaza."

Mama Pacha aliendelea kukaza waya. Aliuzungusha mara tatu zaidi ya ilivyohitajika.

"Yangu yalikuwa ishirini na manne," alisema mwishowe. "Nakumbuka, kwa sababu wewe ndiye uliyekuja kulia hapa. Mimi ndiye niliyekubembeleza. Nikakupikia chai."

"Nakumbuka."

"Chai yangu ukanywa."

"Nilikunywa."

"Na sukari ukaongeza!"

Pirika aliinamisha kichwa. Upepo ulibeba kipande cha karatasi kikapita katikati yao.

Mama Pacha alishuka ngazi taratibu. "Ningekuwa na pengine pa kuyapeleka, saa hii ningeyahamisha," alisema. "Sina." Akauchukua ufunguo, akaufunga kwenye pindo la kitambaa chake cha kichwani, mafundo mawili. "Kwako sitakuja tena jioni kuchungulia. Na wewe kwangu usije. Nenda."

Asubuhi ya siku ya kumi na nane Pirika aligeuza mayai mara ya mwisho, akaweka bakuli la maji ndani kwa ajili ya unyevu, na Fundi akaenda kumwita Mama Pacha aje afunge kwa mkono wake. Alikuja, akafunga, akaondoka bila kuketi. Saa nne umeme ulikatwa. Feni ya mashine ilizunguka mara chache kwa mazoea, ikasimama. Mchana kimbunga kikafika.

Hakuna haja ya kusimulia kimbunga. Kila aliyewahi kukaa ndani ya nyumba wakati paa linataka kuondoka anajua, na asiyewahi asijaribiwe. Kilipita kwa saa sita. Bati la jikoni liling'oka, lile lenye mlio asioupenda Pirika, na gunia la mkaa lililobaki pale likalowa hadi likawa uji mweusi. Gunia la chini ya kitanda lilikuwa kavu.

"Umeona?" Pirika alisema, akilivuta huku amepiga magoti.

"Nimeona," mama mkwe alisema. "Hata pangaboi huwa na siku yake."

Kisha zikafuata siku za kuchemsha maji. Walipokezana. Fundi alichochea mkaa barazani, Pirika alibeba makopo, na mama mkwe, ambaye usingizi ulimtoroka tangu azeeke, alikaa karibu na mashine na kusoma namba kwa sauti kama mtangazaji. Kijilango cha chini kilifunguliwa kwa muda wa pumzi moja, kopo la baridi likatoka, la moto likaingia. Chupa tisa za chai zilijazwa kila jiko lilipowaka, ili maji yasikosekane moto ukizimika. Namba ilicheza kati ya thelathini na tano na thelathini na saba. Pirika alifua mapazia. Hayakukauka, akayafua tena. Alipanga misumari ya Fundi kwa urefu. Shingoni mkono wake ulikuwa ukitafuta uzi usiokuwepo, mara mia kwa siku, mpaka ngozi ikawa nyekundu.

Siku ya ishirini na moja ilifika. Pirika alitega sikio kwenye mlango wa friji tangu alfajiri. Kimya. Saa tatu, kimya. Saa saba, kimya. Kioo kilikuwa cheupe kwa ukungu. Alijua, kwa akili, kwamba mayai yaliyopoa kidogo huchelewa. Lakini akili ilikuwa huku na miguu ilikuwa kule. Saa tisa miguu ilimchukua hadi njiani, akaupanda mti ulioanguka katikati ya njia, akachanika sketi, akatokea mlangoni kwa Mama Pacha.

Mama Pacha alikuwa kizingitini anachambua maharage. Hakuinua kichwa. "Umekuja kulia?"

"Nimekuja tu."

"Wako kimya?"

"Kimya."

Mikono ya Mama Pacha ilisimama juu ya sinia. Ilionekana wazi kwamba naye angetoa chochote ili afungue. Mkono mmoja ulipanda hadi kwenye pindo la kitambaa, ukagusa lile fundo, ukakaa hapo. 

"Ukiniomba," Mama Pacha alisema kwa sauti ndogo, "sijui kama nitaweza kukunyima. Kwa hiyo usiniombe. Rudi."

Pirika alirudi. Alichanika sketi upande wa pili.

Kesho yake, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, alikuwa barazani akipuliza mkaa aliposikia anaitwa.

"Wewe pangaboi! Hebu zimika kidogo. Njoo usikilize."

Mama mkwe alikuwa ameegemeza shavu kwenye mlango wa friji, macho amefumba. Pirika alipiga magoti upande wa pili, akaweka sikio. Mwanzoni alisikia moyo wake tu. Halafu, kutoka ndani kabisa, sauti nyembamba kama mlango wa kabati usiotiwa mafuta. Nyingine ikajibu. Kisha mkwaruzo, na mgongano mdogo wa ganda na mbao. Fundi aliacha jiko, akaja, akasimama mikono kiunoni. 

Sauti zilipokuwa nyingi, Fundi alikwenda kumwita mwenye mali. Mama Pacha alifika anahema, matope hadi magotini, ufunguo tayari mkononi. Aliweka sikio, akasikia, na uso wake ukalegea wote. "Tufungue," alisema, akilitafuta tundu la kufuli. "Mungu wangu, ni wangu. Tufungue, nimwone hata mmoja!"

Pirika aliweka kiganja juu ya kufuli.

"Bado."

"Bado nini? Si unawasikia?"

"Nawasikia waliotoka. Wapo waliotoboa tundu tu. Upepo ukiingia sasa, ngozi itawakaukia hao. Mpaka kesho asubuhi. Walio nje hawatakufa njaa, wana kiini tumboni."

"Kesho!"

"Kesho." Kiganja hakukitoa. "Funga tena huo ufunguo."

 Ndani ya friji kifaranga mmoja alilia kwa ukali, kama anayegombana na foleni. Mama Pacha akaufunga ufunguo kwenye pindo, mafundo mawili, akabaki amesimama katikati ya chumba, mguu huu, mguu ule.

"Sasa tutafanya nini mpaka kesho?" aliuliza.

Pirika alichukua beseni.

"Kwako mapazia ulifua lini?"